Zege la Siku ya Nne

Katika mji ule, mtu akitaka kujua kama ukuta wake umesimama wima au umelala, hakuwa na haja ya kubishana na fundi wake. Alimwita Timazi. Timazi alikuja na mwiko kiunoni, akasimama hatua kumi kutoka ukutani, akafumba jicho moja, akasema neno moja tu: "Umelala." Na fundi aliyeujenga, hata awe na mdomo kiasi gani, alinywea papo hapo, kwa sababu wakishusha uzi kupima walikuta umelala kweli. Ndivyo alivyopata jina hilo, jina la kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwenye uzi kupimia kuta. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na huko halikusumbuliwa na mtu.

Aliingia kwenye ujenzi akiwa na miaka kumi na sita, karai la udongo kichwani. Hakwenda chuo chochote. Alijifunza kwa kutazama mikono ya waliomtangulia na kwa kukoromewa, na kukoromewa ndiko kulikomfundisha zaidi. Alipofika miaka hamsini na saba alikuwa amejenga zahanati, madarasa yasiyo na idadi, na lile jengo la ghorofa tatu la kona ambalo watu walilitumia kuelekezana njia. Akipita hapo na mke wake alipunguza mwendo makusudi. "Tembea, baba watoto," mke wake alikuwa akimwambia, "jengo haliendi popote." Mama huyo alikuwa fundi cherehani, naye alijua kazi yake vilevile, ila yeye hakuwa na tabia ya kusimama barabarani kutazama magauni aliyoyashona yakipita.

Tusimcheke sana. Mtu aliyeinua kitu kwa mikono yake ana haki ya kukitazama.

Jumapili ndipo kifua kile cha majivuno kilipokuwa kinashuka. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Aliimba, alisikiliza, alitikisa kichwa panapostahili. Lakini siku ya meza ya Bwana, mkate na kikombe vikishaanza kuandaliwa, Timazi aliinuka taratibu akatoka nje kwenda kukagua mifereji ya maji ya mvua. Hakuna mifereji duniani iliyokaguliwa kama ya kanisa lile. Waumini walisema ni unyenyekevu, kwamba mzee hajioni kuwa anafaa. Mke wake alimuuliza mara mbili, mara ya tatu akaacha. Mwenyewe alijua sababu, na alikuwa ameifungia ndani kwa miaka thelathini na mitatu.

Ilikuwa hivi. Akiwa na miaka ishirini na nne alipewa usimamizi wa kazi kwa mara ya kwanza, na kichwa kikaanza kuvimba. Walikuwa wanajenga duka lenye slabu, yaani dari la zege, juu yake. Aliyechanganya zege alikuwa mtu mmoja mkimya, aliyemzidi umri kidogo, mwenye sifa ya kupima. Wengine walikadiria kwa macho. Yeye alijaza ndoo, akapitisha ubao juu yake kuisawazisha, ndipo akaimwaga. Vibarua walimtania kwamba huyu hata chai yake huipitishia ubao. Zege lilimwagwa, likapendeza, vibarua wakalipwa wakatawanyika. Chini yake ilibaki mirunda, ile miti mirefu inayosimamishwa kushikilia mbao zilizobeba zege bichi mpaka likomae.

Mkandarasi alikuwa amesafiri mwezi mzima. Timazi alitaka akirudi akute kazi mbili zinakwenda badala ya moja, na kazi ya pili ilihitaji mirunda. Wiki ile ilikuwa ya baridi na manyunyu, na zege kwenye baridi hukomaa polepole. Kila anayeishi kwa mwiko anajua hilo, naye alilijua. Siku ya nne tangu zege limwagwe, akaitoa mirunda.

Slabu ilishuka yote saa ya chai. Kwa rehema ya Mungu watu walikuwa wamekwenda kunywa, haikumgusa hata kuku. Mkandarasi alirudi wiki hiyohiyo, akasimama mbele ya kifusi, akauliza kuna nini. Timazi akaokota kipande cha pembeni, kilichokuwa bado na unyevu, akakisagasaga kiganjani mbele ya watu mpaka kikawa mchanga.

"Hili halina simenti," akasema. "Lilimwagwa wiki nne zilizopita na bado linasagika. Mchanganyaji ameiba."

Yule mtu alipiga kelele, "Siku nne! Lilikuwa na siku nne tu!" Lakini nani angemsikiliza mchanganya zege mbele ya msimamizi? Alifukuzwa saa ileile. Kijiweni, pale mafundi wanapokusanyika asubuhi kusubiri kazi, wakambandika jina: Mla Simenti. Jina likamfuata kila saiti alikoomba kazi. Likafika hadi shuleni, ambako binti yake wa miaka saba akawa anaitwa mtoto wa Mla Simenti. Mwisho yule mtu akaachana na ujenzi kabisa. Timazi yeye akapanda cheo, na akawa mkali wa kupima kuliko mafundi wote, maana mwizi aliyeponea chupuchupu ndiye anayefunga milango vizuri.

Moyo ulipomsumbua alimjengea Mungu. Alianza na ngazi za kanisa. Ukafuata uzio, kikafuata choo cha matundu sita, likafuata jiko la nyumba ya mchungaji, vyote bila malipo. Kila alipomaliza alipata utulivu wa wiki moja, mbili akibahatika. Kisha anaamka asubuhi na kile kipande kiko kiganjani mwake tena, kinasagika, na yeye anaanza kutafuta mahali pengine kanisani panapohitaji tofali.

Ndipo kanisa likajaa mpaka kwaya ikawa inaimbia mlangoni, na ikaamuliwa ijengwe roshani ndani, ya kukalia kwaya. Timazi hakuacha mtu mwingine aguse. Alisimamia kila ndoo, akamwagilia zege maji asubuhi na jioni kama anayenywesha mgonjwa. Siku ishirini na nane zikapita, ambazo kila mjenzi anajua zinatosha. Mirunda haikutoka. Zikafika hamsini, zikafika tisini. Waumini wakawa wanaabudu katikati ya miti arobaini na minane. Mzee mmoja wa kanisa alijipatia mrunda wa kutundikia koti. Watoto waligundua mchezo wa kujificha usioisha. Bibi mmoja mwenye magoti mabovu alikuwa akijishikilia kwenye mti uleule kila wanapoambiwa wasimame, akatangaza kwamba hata wakiitoa yote, huo wake waache. Kwaya iliendelea kuimbia mlangoni na ilikuwa imeanza kununa.

Alhamisi moja asubuhi mchungaji alimkuta humo, akigonga zege kwa kishikio cha nyundo na kutega sikio. Mchungaji alikuwa na umri wa mtoto wake wa pili, lakini Timazi alimwita baba kama walivyofanya wote.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Baba Mchungaji. Habari za nyumbani?"

"Njema tu. Nimekuja kuuliza, hii mirunda inaondoka lini?"

"Subira kidogo. Zege ni kitu cha kuheshimu."

"Naliheshimu sana. Kwani halijakomaa?"

Timazi aliona kama ametukanwa. "Limekomaa! Pale juu unaweza kupandisha lori."

"Basi mirunda imebeba nini?"

Ni jambo ambalo Timazi alikuwa amewafokea mafundi wengi: slabu ikishakomaa inajibeba yenyewe, mirunda inabaki imesimama tu, haina kazi. Akatazama juu, akatazama miti arobaini na minane.

"Haijabeba kitu," akasema.

"Sasa?"

"Naogopa."

Akageuza ndoo tupu, akaikalia, akayasema yote. Duka, baridi, siku ya nne, kipande kiganjani, Mla Simenti. Mchungaji naye alivuta ndoo yake akakaa, bila kumkatiza. Alipomaliza, mchungaji aliuliza swali moja.

"Haya umewahi kumwambia Mungu?"

"Anajua yote."

"Sijauliza kama anajua."

Timazi alikuna kidevu. "Nimemjengea," akasema. "Ngazi zile. Uzio. Choo."

"Choo ni kizuri, mzee wangu, sote tunakushukuru. Lakini umemjengea Mungu miaka thelathini na mitatu, na hujawahi kukaa ukaongea naye. Wala hakukuagiza choo. Yesu alikwenda msalabani kwa ajili ya uongo ule ule ulioutaja sasa hivi. Alikwenda kwa ajili ya wewe uliyeusema. Na kazi aliyoiendea aliimaliza. Hakuacha kipande cha wewe kumalizia."

Mahubiri Timazi alikuwa ameyasikia maelfu, na mengi aliyasikilizia mlangoni. Hili la kazi iliyomalizwa lilimpata palepale, kwa sababu ni jambo la ufundi. Yeye mwenyewe alimchukia mtu anayekuja kupakapaka udongo kwenye ukuta wa mwenzake uliokwisha. Na tazama, alikuwa akifanya hivyo muda wote huo kwa kazi ya Mungu.

Akapiga magoti kwenye vumbi la simenti. Hakuwa na maneno ya kanisani.

"Mungu," akasema, "nilitoa mirunda siku ya nne. Mimi. Kisha nikasema uongo. Yule mtu hakuiba hata kijiko. Nisamehe kwa ajili ya Yesu, maana kwa ajili yangu hakuna sababu. Sina kitu mkononi leo."

Alilia, na tusimwonee haya, alilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Alipoinuka magoti yalikuwa meupe kwa vumbi na moyo ulikuwa umetulia. Alisubiri kidogo aone kama utaanza tena. Haukuanza. Ilikuwa amani, si ile ya wiki moja, na alijua tofauti yake kama anavyojua tofauti ya udongo na zege.

"Nitakwenda kwa yule bwana," akasema.

"Nenda," mchungaji akajibu. "Ila usiende ukidhani yeye ndiye atakayekupa hii uliyoipata. Umeshapewa. Nenda kwa sababu jina lake ni mali yake, na wewe ndiye uliye nalo."

Siku iliyofuata, Ijumaa, mirunda ilitoka. Timazi aliitoa pamoja na mafundi wanne, mmoja baada ya mwingine, na ule wa mwisho aliuangusha mwenyewe akiwa amesimama chini ya slabu. Haikutikisika. Kwaya ilipanda jioni hiyohiyo, na uimbaji wao, kwa kweli, ulikuwa wa kawaida tu, lakini walipanda.

Nyumbani alimkuta mke wake kwenye cherehani akipinda sare za shule. Akamwambia. Mguu wa mama ukaacha kukanyaga, mashine ikanyamaza.

"Miaka yote hii," mke wake akasema, "nimelala na mtu ambaye halali. Nikadhani ni mgongo."

"Na mgongo pia."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Alikuwa amekasirika kweli. Alikata uzi kwa meno, akaikunja sare, akaiweka pembeni. "Unakwenda lini?"

"Kesho."

"Lete shati nikupigie pasi. Huwezi kwenda kuomba radhi umekunjamana."

Yule mtu alikuwa akiuza miche ya miti kando ya barabara, nje kidogo ya mji. Timazi alimwona kabla ya kuonwa. Amezeeka, nywele zimeota mvi, amechuchumaa mbele ya vifuko vya plastiki, anachanganya udongo. Alijaza ndoo ya mbolea, akachukua ubao, akausawazisha mdomo wa ndoo, ndipo akamwaga. Timazi akamwendea.

"Karibu, chagua," yule mzee alisema bila kuinua kichwa. Kisha akainua. Akamtambua. Uso ukakaza.

"Mzee mwenzangu," Timazi akaanza, "nimekuja kukuambia kitu unachokijua. Slabu ile niliiangusha mimi. Nilitoa mirunda siku ya nne. Nikakusingizia wewe. Naomba unisamehe."

Yule mzee alisimama polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, mmoja kisha mwingine.

"Unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo."

"Najua."

"Mimi nilisema siku nne, nikapiga kelele hadi sauti ikaniisha. Binti yangu alirudi kutoka shule akaniuliza, baba, simenti inaliwaje? Sasa unakuja kuninong'oneza mimi, hapa, kwenye miche?" Alinyoosha kidole kuelekea mjini. "Nenda ukayaseme pale ulipoyasemea. Mbele ya watu. Tena usiseme nusu. Mengine tutayaongea hayo yakishasemwa, au hatutayaongea. Sijui."

"Jumatatu asubuhi," Timazi akasema. "Kijiweni."

"Tutaona," yule mzee akajibu, akachuchumaa tena kwenye udongo wake.

Basi hakusamehewa siku ile. Na hapa ndipo ninapomvulia kofia Timazi, kwa sababu Jumapili ilifika, meza ikaandaliwa, waumini wa mabenchi ya nyuma wakamsogezea miguu apite kwenda kwenye mifereji yake, na yeye hakwenda nje. Alikwenda mbele. Alitembea kati ya mabenchi na shati lake lililopigwa pasi, akasimama kwenye mstari na wenzake, akapokea mkate, akapokea kikombe. Hakuinamisha kichwa kwa aibu wala hakukiinua kwa majivuno ya ghorofa tatu. Alisimama kama mtoto anayesimama mezani kwa baba yake na kujua pale ni kwao. Mke wake, kwenye benchi, alijipangusa macho kwa upindo wa kitenge na kumwambia jirani yake kwamba vumbi la ujenzi halijaisha humu ndani.

Jumatatu saa moja asubuhi kijiwe kilikuwa kimejaa. Mafundi wamekalia ndoo na mifuko ya zana, vikombe vya chai mkononi, wanabishana kama kawaida. Wazee wachache walikuwa wa enzi zile. Wengine waliijua hadithi kwa kusimuliwa, maana Mla Simenti alikuwa amegeuka kuwa mfano wa kuwaonya wanaoanza kazi. Timazi alitazama huku na huku. Yule mzee hakuonekana. Angeweza kusubiri, angeweza kuahirisha. Alipanda juu ya tofali tatu zilizopangwa na kuvua kofia.

"Nisikilizeni," akasema, na waliozoea kusikia neno moja kutoka kwake wakageuka. "Kuna mtu mnamwita Mla Simenti. Hakula simenti. Slabu ile ilianguka kwa sababu mimi, msimamizi, nilitoa mirunda slabu ikiwa na siku nne, wiki ya baridi. Nikasema ina wiki nne. Niliwadanganya wote, na mtu mwema akaharibikiwa."

Muuza chai aliacha birika lake lichemke mpaka likamwagika.

"Wewe?" fundi mmoja mzee aliuliza. "Timazi? Siku ya nne?"

"Siku ya nne."

"Sasa kwa nini uyafukue leo? Kila mtu alikuwa amesahau. Ungekwenda nayo kaburini, jina lako likabaki safi."

"Nimelitunza jina hilo miaka thelathini na mitatu, halijanipa usingizi," Timazi akasema. "Mungu amenisamehe kwa ajili ya Kristo, bure, nikiwa vilevile nilivyo. Sasa naogopa nini? Niiteni mnavyotaka."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya umati.

"Nimesema usiseme nusu."

Watu walipisha. Yule mzee alikuwa amesimama pale na suti ya zamani iliyombana mabegani, na pembeni yake mwanamke wa miaka arobaini aliyevaa sare ya uuguzi, ameshika mkono wa baba yake. Hakuna aliyejua walikuwa wamesimama hapo tangu lini.

"Sema vipimo," mzee akasema.

Timazi alielewa. Alisimama wima juu ya tofali zake.

"Ndoo moja ya simenti," akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Mbili za mchanga. Nne za kokoto. Kila ndoo imepitishiwa ubao."

"Na maji?"

"Hayakuzidi."

"Mchanga?"

"Ulichekechwa. Mara mbili."

"Kwa hiyo zege langu lilikuwaje?"

"Lilikuwa zuri," Timazi akasema. "Nimemwaga zege maisha yangu yote, mzee mwenzangu. Zuri kuliko lile sijawahi kumwaga."

Yule mzee alivuta pumzi mpaka kifungo cha koti kikakaza, akamgeukia mwanamke aliyekuwa ameshika mkono wake.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba."